Ufunguo kwa Mtu wa Nyuma

Gari langu la kwanza liliibwa mchana kweupe, mtaa wa Bwiza hapa Bujumbura, nikiwa nimesimama hatua chache tu kutoka lilipokuwa, namhesabia mwenye duka mikate yake. Sikusikia kitu. Nilipogeuka nilikuta doa la oili barabarani, na mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyeniambia kwa upole kwamba alidhani yule aliyeondoka nalo ni mume wangu. Mume wangu alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Mimi ni mwoka mikate. Tanuri langu liko nyuma ya nyumba, Ngagara, na wateja wangu ni viduka vya Bwiza na vya Kinama. Bila gari mikate inalala, na mkate uliolala hauna rafiki. Baada ya wizi ule nilijaribu kubeba masinia kichwani, nikajaribu kupakia kwenye magari ya watu, nikaishia kulizima tanuri kabisa. Wanangu wawili walizoea kuniona nimekaa uani nashika tama. Mwisho nikauza kiwanja alichoniachia marehemu, nikanunua Toyota kuukuu ya rangi ya majivu. Kiwanja kingine hakikuwepo. Gari hili nalo likienda, tanuri limezimika moja kwa moja, na mimi na wanangu tumekwisha. Nililijua hilo nikila, nililijua nikioga, na Mungu anisamehe, nikisujudu nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa.

Watu wenye uwezo hufunga vifaa vya kupiga king'ora na vya kufuatilia gari kwa simu. Mimi nilikwenda Buyenzi kwa fundi mmoja mzee mwenye kofia ya mkono iliyoingia grisi hadi ikasahau kwamba ilikuwa nyeupe. Nilimwambia sina uwezo ila nina hofu nyingi.

Akacheka. "Mama, mwizi wa gari iko na haraka sana. We mupatie tu kazi mingi, ataacha yako, ataenda kwa ile ya jirani."

Nilimwonea huruma jirani, lakini si kwa muda mrefu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kifungo cha siri. Fundi alikata waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta, akaupitisha kwenye swichi ndogo ya taa za nyumbani, akaificha mahali ambapo sitapataja hata leo. Usipoibonyeza, gari linaguna tu, haliwaki. Kisha akanionyesha fyuzi ya pampu hiyo hiyo, kijidude chekundu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akaniambia nikishuka niing'oe niondoke nayo. Nikawa naifunga kwenye ncha ya kitenge, pale bibi zetu walipofungia sarafu. Nilipomuuliza kwa nini vyote viwili, alisema mwizi mwerevu atakipata kimoja, lakini kutafuta viwili ni kazi ya kutwa.

Baada ya hapo nilipagawa, na sioni aibu kusema. Nilinunua mnyororo wa kufungia baiskeli na kufuli, nikawa naufunga usukani na pedali ya breki pamoja. Namba ya gari niliiandikisha kwa kikatia vioo kwenye kila kioo, hata kile kidogo cha pembeni ambacho hakifunguki, nikaiandikisha kwenye taa na kwenye vioo vya kutazamia nyuma, ili atakayeviiba asipate wa kumuuzia. Taa zikapigwa ribiti. Mlango wa gari uliobonyea nilikataa usinyooshwe, maana gari zuri huita macho. Kwa kamba ya kuvulia samaki nilifunga kitasa cha gari na kopo la maziwa lenye kokoto, kopo likawekwa dirishani kwangu. Lililia mara nyingi, na kila mara alikuwa paka.

Nikatoka kwenye paka nikaingia kwenye betri. Kila jioni nilifungua betri nikaibeba ndani kama mtoto aliyelala, nikaiweka chini ya kitanda. Vitenge vyangu viwili vilitoboka tumboni kwa tindikali. Binti yangu alinitazama asubuhi moja akasema, "Mama, mwizi akija atatuonea huruma." Nilimfokea. Nilikuwa nawafokea sana siku zile, na kila kelele niliyopiga ndani ya nyumba ile ilitoka kwenye woga.

Halafu esansi, mafuta ya magari, ikaadimika mjini.

Anayeishi Bujumbura hahitaji kuelezwa. Kituo kinakaa kikavu siku nyingi, mtu ananong'ona kwamba tangi la kituo fulani litajazwa, na kabla hajamaliza kunong'ona magari yamepanga mstari hadi kona ya pili. Watu wanalala humo, wanapika humo. Lakini hakuna awezaye kukaa kwenye gari siku tatu mfululizo bila kwenda kazini wala chooni, kwa hiyo foleni ina desturi yake. Ukiondoka, unaliacha gari lako bila gia, breki ya mkono umeishusha, jiwe limewekwa chini ya tairi, na ufunguo unampa mtu wa nyuma yako ili usukani usijifunge. Foleni ikisogea, yeye anatoa jiwe na kulisogeza gari lako kwanza, kisha lake. Naye akiondoka, anamwachia aliye nyuma yake funguo zote mbili. Aliyelifunga gari lake akaenda, watu wanampita, na hakuna wa kumlilia.

Siku ya kwanza nililifunga. Usukani kwenye pedali, kufuli, milango yote, nikaenda kuoka mikate yangu. Niliporudi, mbele ya gari langu palikuwa na nafasi tupu ya kuingia magari manne, na nyuma yangu watu walikuwa wanapiga honi na kutaja wazazi wangu. Aliyekuwa nyuma yangu, mwalimu wa shule mwenye gari jeupe, ndiye aliyekataa nisipitwe. Alikuwa amesimama katikati ya barabara na kitabu chake mkononi, anatukanwa kwa niaba yangu.

"Mama," akaniambia, "leo nimekungojea. Kesho siwezi, hawa watu watanipiga. We unaogopa mwizi, sisi wote tunaogopa we. Acha funguo."

"Mwalimu, mi nimeshaibiwa mara moja."

"Ni nani ataiba gari haina esansi?"

Hoja yake ilikuwa na akili. Hofu yangu haikuwa na akili, na ndiyo iliyokuwa ikiniendesha. Usiku nikiwa nimejikunja kwenye kiti cha nyuma nilipanga mahesabu: nitampa ufunguo, lakini fyuzi nitaing'oa na kifungo cha siri nitakizima. Atasukuma, hataendesha. Na tone la mafuta lililobaki lisingemfikisha hata sokoni. Nilijiambia hivyo mara nyingi kama mtoto anayekariri, nikalala kidogo.

Siku ya pili nilimwachia mwalimu ufunguo kwa saa moja, nikarudi mbio nikakuta kila kitu salama. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa na unga ulioumuka nyumbani, na unga hausubiri mtu. Nikang'oa fyuzi, nikaifunga kwenye kitenge, nikampa mwalimu ufunguo, nikaenda kwa miguu. Tanuri lilikuwa limekataa kushika moto, nikakawia. Nilitoa mikate ya mwisho. Nikaacha sinia wazi mezani, nikarudi nusu kukimbia.

Mahali nilipoliacha gari palikuwa na lori dogo. Sikushtuka, nilijua foleni imesogea, na njiani nilikuwa nimesikia watu wakisema lori la mafuta limefika kituoni. Nikaenda mbele nikitafuta gari jeupe la mwalimu, maana langu lilitakiwa liwe mbele ya lile.

Gari la mwalimu nililiona. Limesimama, halina mtu ndani. Mbele yake barabara ilikuwa tupu.

Sijui nieleze vipi utupu ule. Nikaliona doa la oili la Bwiza kama liko pale chini ya miguu yangu. Nikakimbia. Barabara pale inapinda kidogo kisha inateremka kuelekea kituoni, na nilipofika kwenye kona nililiona gari langu likishuka mteremko taratibu, hakuna anayelisukuma, na kwenye usukani amekaa mwanamume nisiyemjua, mwenye ndevu za mvi na shati la bluu.

Fyuzi ilikuwa kiunoni mwangu. Nilikuwa nayo, mkono wangu ulikuwa umeishika pale kwenye fundo la kitenge. Gari lisingeweza kuwaka hata kwa dua. Nilijua. Na mdomo wangu ukafunguka ukapiga kelele.

"Mwizi! Gari yangu! Mwizi!"

Pembeni ya barabara kulikuwa na vibanda, waziba matairi, wauza vocha, watu waliokaa tu. Hao si watu wa foleni, hawajui desturi ya foleni. Neno hilo moja liliwainua wote kwa pamoja. Kabla sijavuta pumzi ya pili walikuwa wamelizunguka gari. Yule mtu alikanyaga breki, nikaona gari linasita, akatoa kichwa dirishani anasema kitu. Wakafungua mlango wakamvuta. Mguu wake ulipotoka kwenye breki gari likaanza tena kuteremka, na mbele kulikuwa na watu. Yeye aliliona hilo, wao hawakuliona. Akajinasua kutoka mikononi mwao, akainama ndani ya gari, akalichukua jiwe langu, lile la kuwekea tairi, lililokuwa sakafuni.

"Ngojeni niweke jiwe!" alisema. "Ngojeni!"

Walimwona mwizi ameshika jiwe. Sikuona zaidi, maana migongo ilimfunika. Nilisikia tu. Gari langu lilikwenda likagusa gari la mbele kwa upole, likasimama, wala halikupata mkwaruzo.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sauti iliyotoka mara ya kwanza kwa nguvu vile haikutoka tena. Nilitaka kusema acheni, sikusema. Aliyesema ni mwalimu. Alitokea upande wa shuleni anakimbia, chaki kwenye vidole, anapasua watu kwa viwiko.

"Acheni! Muache! Ni mutu wa mulongo, wa foleni! Njo mi nilimupa funguo!"

Watu wa foleni nao walikuwa wamefika kutoka nyuma, na waliokuwa wakipiga waliyeyuka upesi. Kila mmoja akawa ni mpita njia. Mwalimu alinieleza huku anamfuta yule mtu usoni kwa shati lake mwenyewe. Alikuwa ameshayasogeza magari yetu mara moja, kisha akaitwa shuleni, akamwachia mtu wa nyuma yake funguo zote mbili, wa gari langu na wa lake. Mtu huyo ni dereva wa kuajiriwa, Mkongomani kutoka upande wa Uvira, anayeishi Kinama na mkewe. Lori la mafuta lilipofika foleni ilisogea mbali kwa mara moja. Akaanza na gari langu kwa kuwa ndilo la mbele, na kwa kuwa ni mteremko hakuhitaji wa kumsaidia. Angerudi kulichukua la mwalimu, kisha lake. Mwalimu alipomaliza kueleza alinitazama machoni muda mrefu. Nikajua kwamba amejua ni nani aliyepiga kelele.

Yule mtu alikuwa hai. Damu ilikuwa inatoka sikioni, jicho moja limefumba, na mkono umelala vibaya. Tulimlaza kwenye kiti changu cha nyuma, juu ya magunia ya unga. Halafu watu wa foleni wakafanya jambo ambalo nikilikumbuka nalia hata sasa. Walisogeza magari yao pembeni, lile la kwanza hadi la mwisho, watu waliokaa siku tatu kama mimi na wengine siku nne, wakalisukuma gari langu hadi kwenye pampu. Hakuna aliyenung'unika. Mzee mmoja alinishika bega akasema, "Pole sana, mama," kana kwamba mimi ndiye niliyepigwa.

Walipomaliza kujaza, ilinibidi niliwashe. Nikafungua fundo la kitenge mbele ya umati, nikaitoa fyuzi, ikaniponyoka mara mbili kabla sijaichomeka. Nikabonyeza kifungo changu cha siri na watu wote wanatazama. Hakuna aliyejali kilipo.

Nilikuwa naendesha kwenda hospitali, mwalimu amekaa nyuma amempakata kichwa. Yule mtu alifumbua jicho lake zima.

"Mama, ni yako hii gari?"

"Ndiyo, baba."

"Haikuumia?"

"Haikuumia."

"Mungu iko mukubwa. Mi niliogopa itagonga watu." Akafumba jicho, nikadhani amezimia. Kisha akasema, "Kuna mwanamuke alipiga kelele. Sikumuona, nilisikia sauti tu. We ulimuona?"

Niliangalia kioo cha kutazamia nyuma. Mwalimu alikuwa anatazama nje dirishani.

"Apana," nikasema. "Mi nilikuta ameshaenda."

Kwamba iko siku atajua, hiyo ndiyo hofu niliyo nayo sasa, na hakuna fundi Buyenzi atakayeifungia swichi. Alipona, ila sikio la kushoto halisikii tena, na tajiri wake alitafuta dereva mwingine mwenye masikio mawili. Nilimpa kazi mimi. Anakaa na gari ninapoingia madukani na sinia, Bwiza na Kinama, na tangu awepo hakuna aliyeligusa. Mnyororo sikumbuki ulipo. Nyumbani kwake mkewe alinipokea kwa mikono miwili, akawaambia majirani huyu ndiye mama aliyemwokoa mume wake na kumpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Walinipa kiti pekee kilichokuwepo. Nilikunywa chai yao. Mara ngapi nimesema leo nitamwambia, na mara ngapi nimefika mbele yake nikauliza habari za mkono wake.

Mwezi uliopita tulikuwa tunangoja mwenye duka afungue. Yeye amekaa kwenye kiti cha abiria, amenigeuzia upande wa sikio zima, kama anavyofanya na kila mtu.

"Ile sauti, mama," akaanza mwenyewe, bila kuulizwa. "Ya ule mwanamuke. Nikiisikia tena hata mara moja, nitaijua. Hata iwe katikati ya soko."

"Utamfanya nini?"

"Nitamuuliza tu kwa nini."

Nikashuka nikajifanya napanga masinia. Tangu siku hiyo sipandishi sauti akiwa karibu. Wanangu wanasema mama amekuwa mpole, wateja wanasema nimezeeka. Naongea polepole, nacheka polepole, na nikishuka na mikate namwachia ufunguo bila kugeuka nyuma, kwa sababu mtu akija leo kuliondoa gari lile mbele ya macho yangu, nitasimama nitazame likienda, sitapiga kelele.